Kanda za zamani za kamera ya video: jinsi ya kuziingiza kwenye kompyuta bila kuharibu picha

Uvunguni mwa kitanda cha mama, Tanga, kulikuwa na kasha la bati lenye kanda kumi na saba. Nne ni VHS za harusi. Sita ni zile ndogo za Video8, alizorekodi ami yangu kwa kamera aliyokuja nayo kutoka Muscat. Moja ni VHS iliyotumwa na binamu aliyeko Toronto. Zilizobaki ni MiniDV za miaka ya 2000.

Kabla sijaijua kazi hii nilipeleka MiniDV mbili kwenye duka moja mjini. Nikarudishiwa DVD ambamo ukoo mzima umenenepa, maana picha ya umbo la nne kwa tatu ilivutwa ijaze skrini pana. Kila aliyepita mbele ya kamera aliota meno ya kitana ubavuni. Nikadhani kanda zimechakaa. Kumbe zilikuwa nzima kabisa, na nilipozinakili mwenyewe kwa waya unaotakiwa, nilihesabu shanga kwenye mkufu wa shangazi.

Tangu hapo nimeshika jambo moja: ubora hupatikana au hupotea kabla picha haijaifikia kompyuta. Hupotea kwenye kanda chafu, kwenye deki mbovu, kwenye waya usiofaa. Kilichopotea huko hakuna programu itakayokirudisha, hata ile inayojitangaza kwamba ina akili mnemba.

Tambua ulichonacho

Zipange kanda mezani kwa ukubwa. VHS ndiyo ile kubwa kama kitabu, yenye utepe wa nusu inchi. VHS-C ina utepe huohuo ndani ya kasha dogo, na huchezwa kwenye deki ya kawaida kwa kutumia adapta. Video8, Hi8 na Digital8 zinafanana kwa umbo, na utepe wake ni wa milimita 8. Hizi hazina adapta ya kuziingiza kwenye deki ya VHS, na haijapata kuwepo, kwa hiyo muuzaji akikuambia anayo, muage kwa heshima. MiniDV ni ndogo kuliko zote, karibu sawa na kiberiti kikubwa.

Maandishi ya juu ya kasha yasikudanganye. Kanda iliyoandikwa Hi8 inaweza kuwa na rekodi ya Digital8 ndani, kwa sababu kamera za Digital8, zilizoanza kuuzwa mwaka 1999, zilitumia kanda hizohizo. Tofauti yake si ndogo. VHS, VHS-C, Video8 na Hi8 zimehifadhi picha kama mawimbi ya umeme, ambayo lazima yageuzwe kuwa tarakimu. MiniDV na Digital8 zina tarakimu tayari, hivyo kazi ni kuzihamisha tu.

Angalia pia mfumo wa rangi. Afrika Mashariki na Oman tulirekodi kwa PAL: fremu 25 kwa sekunde, mistari 576 ya picha. Marekani na Kanada walitumia NTSC: takriban fremu 30, mistari 480. Kasha la VHS lenye alama kama E-180 kwa kawaida lilitengenezwa kwa soko la PAL, na T-120 ni la soko la NTSC. Kanda ya binamu wa Toronto niliichezesha kwenye deki ya mifumo mingi iliyotoka Dubai. Deki nyingi za PAL huionyesha NTSC kwa namna ya kubabaisha: runinga huivumilia, kifaa cha kunasa, kile kinachoingiza picha kwenye kompyuta, hukupa picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka. Ukiwa na kanda ya NTSC, chagua NTSC kila mahali, kuanzia kwenye deki hadi kwenye programu. Usiigeuze kuwa PAL.

Kuvu

Wa pwani hapa tusikilizane vizuri. Chungulia kwenye kidirisha cha kasha, chini ya taa kali. Ukiona unga mweupe au duara za utando kwenye ukingo wa utepe, hiyo ni kuvu. Kanda hiyo isiingie kwenye deki yako nzuri. Chembe zake zitabaki kwenye vichwa vya deki, yaani sehemu zinazousoma utepe, na kuhamia kwenye kanda zote zitakazofuata, na utepe uliogandamana ukivutwa kwa nguvu unakatika.

Iweke kando kwenye mfuko wake. Ikaushe taratibu kwenye chombo chenye kifuniko pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyokuja na viatu vipya, kwa wiki kadhaa. Jua halifai, tanuri halifai, na mashine ya kukaushia nywele ndiyo haifai kabisa. Baada ya hapo mpelekee fundi anayejua kusafisha utepe, au tafuta deki ya bei ya kutupa uitoe mhanga kwa kazi hiyo peke yake. Vaa barakoa, maana unga ule una madhara kifuani.

Kanda safi nayo isichezwe mara tu inapotoka kashani. Ikae chumbani siku nzima ipate joto la chumba, kisha uipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha nyuma yote mara moja. Utepe uliokaa miaka ishirini umejikaza huku na kulegea kule. Safari hiyo moja huusawazisha. Kabla ya lolote funga mlango wa kufutia: kwenye VHS ni kile kijipande cha plastiki unachokivunja, kwenye MiniDV na kanda za milimita 8 ni kitelezi kidogo. Nimeona mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi badala ya kucheza, na sekunde zile hazikurudi.

Deki na kamera ya kuchezeshea

Kiwanda kikubwa cha mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai cha Japani, kiliacha mwaka 2016. Vyote unavyovipata sasa ni mtumba. Ukienda Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walioko Nairobi, nenda na kanda yako isiyo na thamani na uichezeshe papo hapo. Sikiliza kama deki inakoroma, tazama kama picha inatulia. Deki ya S-VHS, aina bora ya VHS, yenye tundu la S-Video, waya nitakaoueleza chini, ni bahati. Kwa kanda za VHS zilizorekodiwa na kamera, deki yoyote yenye vichwa vinne na mitambo mizuri itakufaa.

Kwa Video8 na Hi8 unahitaji kamera ya aina hiyo. Ya kwanza kujaribiwa iwe ileile iliyorekodi kanda, kama bado inawaka, hasa kama mwenyewe alitumia mwendo wa LP ili kanda ichukue muda mrefu. Iunganishe na umeme kwa adapta yake; betri ya zamani itakuacha njiani. Kama unanunua, tafuta kamera ya Digital8 inayosoma Video8 na Hi8 pia. Nyingi za mwanzo zilikuwa na uwezo huo, baadhi za baadaye zilipokonywa, basi soma kijitabu chake kabla ya kutoa pesa. Kamera ya namna hiyo huyageuza mawimbi kuwa tarakimu yenyewe na kuyatoa kwa waya mmoja, na hutulizia picha inayotetemeka.

Vichwa vikichafuka utaona chenga nyingi au mistari mipana inayokata picha. Kanda ya kusafishia iliyo kavu inakwaruza, mimi siitumii. Funua deki ikiwa imechomolewa umeme, lowesha kipande cha ngozi laini au karatasi isiyotoa nyuzi kwa alkoholi ya isopropili isiyo na maji, kishikilie kimya kwenye pipa la vichwa, halafu lizungushe pipa kwa mkono. Mkono ulioshika kile kipande usisogee. Usisugue juu na chini, na pamba ya masikioni usiisogeze karibu: nyuzi zake hunasa na kichwa huvunjika. Acha pakauke nusu saa.

MiniDV na Digital8: hamisha, usirekodi upya

Hapa ndipo duka lile lilipoharibu. Kamera ina tundu la waya wa manjano wa runinga, ina tundu la USB, na ina tundu dogo lililoandikwa DV au i.LINK. Hilo la tatu ndilo lako. Ni FireWire, jina jingine IEEE 1394. Waya wa manjano unazirudisha tarakimu kuwa mawimbi kisha unazigeuza tena, na USB ya kamera nyingi hizo ilikusudiwa picha mnato au mazungumzo ya intaneti, kwa hiyo video yake ni duni.

Kompyuta za sasa hazina FireWire. Kwenye kompyuta ya mezani chomeka kadi ya FireWire. Zenye chipu ya Texas Instruments zina sifa njema. Windows wakati mwingine huigomea kamera mpaka ubadilishe draiva kwenda ile ya zamani ya 1394. Kwenye Mac watu huunganisha adapta mbili za Apple, kutoka Thunderbolt 3 kwenda Thunderbolt 2, kisha kwenda FireWire, lakini toleo la macOS Tahoe la mwaka 2025 limeondoa FireWire, basi Mac ya kazi hii usiisasishe. Njia rahisi kuliko zote ni laptopu kuukuu yenye tundu hilo tayari. Vile viadapta vidogo vya kugeuza FireWire kuwa USB ni plastiki na shaba tu, havifanyi kazi.

Chomeka waya kamera ikiwa imezimwa. Kwenye Windows mimi hutumia WinDV, programu ndogo ya bure isiyo na mapambo: chagua kamera, chagua faili la AVI la aina ya pili, bonyeza kunasa. Inahesabu fremu zilizodondoka. Namba hiyo ibaki sifuri. Kwenye Linux ipo dvgrab. Saa moja ya kanda inachukua karibu GB 13 na saa moja ya muda, haiwezi kuharakishwa. Faili litakalotoka ndiyo kanda yenyewe, tarakimu kwa tarakimu, pamoja na tarehe na saa ya kila tukio.

Ukiona vijiraba vya rangi vikiganda kwenye picha, safisha vichwa na urudie sehemu hiyo. Vikigoma kuondoka, jaribu kamera nyingine.

VHS, Video8 na Hi8: njia ndefu

Kwanza waya. S-Video, ukiwepo kwenye deki au kamera, hubeba mwanga na rangi kwa njia mbili tofauti. Ule wa manjano huchanganya vyote na kuacha vidoa vinavyotambaa kandokando ya rangi kali. Hi8 bila S-Video ni hasara. Waya wa kamera wenye kichwa kimoja kama cha spika za masikioni una mtego: watengenezaji walipanga nyuzi zake kila mmoja kivyake, kwa hiyo wa kamera moja kwenye nyingine hukupa ngurumo badala ya sauti, au giza. Kabla ya kuishutumu kamera, badilisha waya.

Kisha kifaa cha kunasia. Soko limejaa viadapta vya USB vya bei ya chipsi kuku, vyote sura moja, na bahati nasibu ni kubwa: kimoja hukata sauti, kingine hufifisha rangi. Vinavyoaminika na wenye kazi hii ni kama I-O Data GV-USB2 na Hauppauge USB-Live2. Jihadhari zaidi na visanduku vinavyogeuza waya wa manjano kuwa HDMI. Hukuandikia 1080 kwa herufi kubwa, lakini ndani yake hupanua picha ovyo na kuisukuma kwenye fremu 60 wakati kanda yako ina 25, ndiyo maana mwendo unashtukashtuka.

Kanda ya VHS haitembei kwa mwendo ulio sawasawa. Mistari ya picha hufika mapema au kuchelewa kidogo, runinga ya zamani ilisamehe, kompyuta haisamehi: utaona nguzo za nyumba zikipinda juu kama bendera, au kifaa kitadondosha fremu na sauti itaanza kuachana na midomo. Dawa ni kifaa cha kusawazisha mwendo, ghali na adimu. Dawa ya maskini, ambayo ndiyo yangu, ni kinasa DVD cha zamani kilichowekwa katikati: deki inaingia kwake, yeye anatoa kwenda kifaa cha kunasia, bila DVD yoyote ndani. Panasonic DMR-ES10 na ES15 zinasifika kwa kazi hiyo. Tofauti niliyoiona kwenye kanda ya harusi ya pili ilinifanya nirudie ile ya kwanza.

Mipangilio ya programu

Tumia VirtualDub. Ni ya bure na ina sura ya kizamani, lakini haifichi kitu. Weka ukubwa 720 kwa 576, fremu 25, rangi YUY2. Kwa NTSC, 720 kwa 480 na 29.97. Sauti iwe 48,000 hezi, biti 16, isiyobanwa. Kodeki, yaani njia ya kubana video, iwe inayobana bila kupoteza kitu, Huffyuv au UT Video. Tenga takriban GB 35 kwa saa moja ya kanda, kwenye diski ya ndani iliyo na fomati ya NTFS, maana FAT32 haikubali faili linalozidi GB 4.

Kisha fungua grafu ya mwanga iliyo ndani ya programu. Hii watu huiruka, na kwetu ndiyo yenye maana, kwa sababu harusi zetu ni kanzu nyeupe na shela nyeupe chini ya taa ya mpiga video. Grafu ikigonga ukuta wa kulia, kanzu inageuka karatasi tupu bila mikunjo wala nakshi, na haitarudi. Punguza mwanga na kontrasti kwenye mipangilio ya kifaa mpaka grafu iachane na ukuta. Picha ikionekana imefifia kidogo usijali, utaipandisha baadaye.

Asiyeiweza VirtualDub atumie OBS Studio. Weka turubai ya 768 kwa 576 na fremu 50, bofya kulia kwenye chanzo cha picha, uchague Yadif 2x. Si kiwango cha kuhifadhia vizazi, lakini inaishinda mara kumi ile DVD niliyorudishiwa.

Siku ya kunasa

Zima usingizi wa kompyuta, sasisho na programu nyinginezo. Unganisha deki na UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, kama unayo. Laptopu ina betri, deki haina, na umeme kwetu hauombi ruhusa. Cheza dakika mbili za mwanzo bila kurekodi ili urekebishe ufuatiliaji wa utepe (tracking) kwa vitufe vya deki mpaka mistari ya chini ipungue. Sauti ya VHS ikipasukapasuka, badilisha deki kutoka Hi-Fi kwenda sauti ya kawaida. Taarabu itakuwa na upande mmoja, lakini itasikika.

Halafu rekodi kanda yote, mwanzo hadi mwisho, bila kusimamisha. Usichague sehemu nzuri. Kuchagua kuna siku yake. Na picha ikiisha zikabaki chenga, iache iendelee hadi mwisho wa kanda. Kwenye moja ya Video8 za ami, baada ya chenga za dakika kumi na mbili, alikuwemo bibi akikuna nazi kibarazani akimwambia aliyeshika kamera aache upuuzi akamletee kuni. Hatuna picha nyingine ya bibi akizungumza.

Ukimaliza, ruka hadi katikati na mwisho wa faili uone kama sauti na midomo bado viko pamoja. Fremu zilizodondoka zikiwa nyingi, rudia siku hiyohiyo wakati vifaa vimepangwa.

Nakala ya kutazama

Faili ulilonalo ni kubwa na lina yale meno ya kitana, kwa sababu kanda za wakati ule hurekodi kila fremu kwa zamu mbili: mistari isiyo ya shufwa na ile ya shufwa, zamu moja ikifuata nyingine baada ya sehemu ya hamsini ya sekunde kwa PAL. Liache hivyohivyo liwe asili. Tengeneza nakala kwa kuzigeuza zamu hizo kuwa picha kamili 50 kwa sekunde, ili mwendo ubaki laini kama ulivyokuwa kwenye runinga. HandBrake inaweza, kwa kichujio cha Bwdif kilichowekwa kwenye chaguo la bob. Anayependa kuandika amri, FFmpeg ni hivi:

ffmpeg -i harusi.avi -vf "bwdif=mode=send_field,format=yuv420p" -aspect 4:3 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k harusi.mp4

Watu wakitembea hatua mbili mbele moja nyuma, zamu zimepinduka: ongeza :parity=bff baada ya send_field. Ile -aspect 4:3 ndiyo inayozuia ukoo kunenepa. Kingo nyeusi ukiziona pembeni mwa skrini pana ni sahihi, na mstari wenye fujo chini kabisa ya picha ya VHS ni wa kawaida. Ufunike kwenye nakala ukipenda, kwenye asili usiukate.

Kundi la familia la WhatsApp litaomba. Ukituma kama video, WhatsApp itaibana hadi sura zisijulikane. Tuma kama dokumenti, mwisho GB 2 kwa faili.

Kuhifadhi

Weka asili kwenye diski mbili za nje, moja ikae nyumba nyingine. Mimi yangu ya pili iko kwa dada Moshi, kusiko na chumvi ya bahari. Flashi si mahali pa kuhifadhi. Faili zipe majina yanayoanza na mwaka, kwa mfano 1994-harusi-kanda-1, na namba hiyohiyo iandike kwenye kasha la kanda. Wakae wazee wawili watatu watazame nakala huku wewe ukiandika majina ya wanaoonekana, wakati bado wapo wanaowajua.

Kanda zenyewe usizitupe. Zirudishe nyuma hadi mwanzo, zisimamishe wima ndani ya makasha yake, na vipakiti vya silika uvibadilishe kila baada ya masika.